Jicho la Wiki Juzi

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu sitarudia: hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kutofautisha jeraha langu na jeraha la Mungu.

Simwambii asimame mbali. Asogee karibu. Avae miwani, awashe tochi, apige goti kabisa. Kidonda changu kina vitundu vya ngozi. Kina ukungu pembeni, pale damu inapokata tamaa ya kuenea. Kazini, nilikokuwa nawapaka waigizaji majeraha ya bandia, waliniita Daktari wa Kinyume: wenzangu wanaponya, mimi naumiza. Unakaa kwenye kiti changu mzima, unainuka umepigwa na mtaa mzima, na kilichokugusa ni sponji tu.

Kama ulinisoma kwenye safu hii wiki iliyopita, unajua kwamba kazi yenyewe nimefukuzwa. Kama hukunisoma, pole, habari ni fupi. Rangi zangu hazisikii maji, zinasikia spiriti tu. Jasho, mvua, machozi, sabuni, vyote vinapita juu yake kama wageni ambao hawakukaribishwa. Siku ya mwisho ya kupiga tamthilia yetu chupa yangu ya spiriti ilimwagika yote, na steringi, mwigizaji wetu mkuu, akaenda kwenye harusi yake mwenyewe na shavu lililopasuka. Picha zote za harusi, bwana harusi anaonekana kama mtu aliyekubali ndoa baada ya kipigo. Wakwe zake walicheka. Mwongozaji hakucheka.

Na nilimalizia kwa dada yangu, aliyenitangulia tumboni. Alikuja chumbani kwangu na mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Akaufungua. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, limevilia damu mpaka shavuni.

Mimi, bingwa, nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye mwanga, nikacheka.

"Nani kakupaka? Zambarau amezidisha."

Akanitazama kwa lile jicho moja. Halafu na yeye akacheka, akafunga mtandio wake, akarudi kwa mumewe.

Ndiyo hivyo. Hakuna aliyezaliwa na mwanamke, na mimi nikiwa wa kwanza kwenye orodha. Jeraha la kweli lilikaa mbele ya pua yangu nikalisahihisha kama daftari la mwanafunzi.

Haya. Tuendelee kuumia.

Juzi dada alirudi tena. Safari hii na begi.

Baba alikuwa kwenye cherehani yake, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama kawaida. Baba hata kitandani nadhani anaingia nayo. Hakusimamisha gurudumu.

"Baba, amenipiga."

"Lini?"

"Jumapili ya wiki juzi. Hapa, jichoni. Mdogo wangu aliliona."

Gurudumu likasimama. Baba akanigeukia. "Uliliona?"

"Niliona, baba."

"Ukasema nini?"

Kuna maswali ambayo mtu akiulizwa anatamani kuwa kiti.

"Nilisema... zambarau imezidi."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akaivaa, akamtazama dada kwa muda mrefu. Uso wa dada ulikuwa mzima kama sahani ya wageni. Wiki mbili zilikuwa zimekula kila kitu. Palibaki kivuli kidogo cha njano chini ya jicho, ambacho ukikitafuta unakipata na usipokitafuta kinakukimbia.

"Mwanangu," baba akasema, "mimi ni fundi. Sikati kitambaa kwa hadithi, nakata kwa kipimo. Mumeo kanipigia simu jana kabla hujafika. Kasema utakuja na maneno haya. Kasema ni mchezo wenu wewe na huyu, kwamba anakupaka marangi."

"Na wewe umemwamini?"

"Majirani zenu wote wamemwamini. Nimewauliza."

Hapo ndugu msomaji niache nimeze mate. Wakati najifunza kazi, uso wa mazoezi ulikuwa wa dada. Nilimchoma moto. Nilimng'atisha mbwa. Siku moja nilimpigilia msumari kiganjani, akaenda nao dukani kununua chumvi, mwenye duka akaanguka nyuma ya mizani. Mtaa mzima ulicheka wiki nzima. Tangu siku ile, dada angetembea na kichwa chake mkononi watu wangemwambia, "Msalimie mdogo wako."

Nilikuwa nimemtengenezea shemeji kisingizio miaka mingi kabla hajakihitaji.

"Kesho nawaita wakwe zako," baba akasema. "Wakija nitawaonyesha nini? Kama kipo cha kuonekana, utabaki hapa na huyo bwana atajua mimi ni baba wa nani. Kama hakipo, utarudi nao kesho hiyohiyo, na begi lako. Sitaki kusikia kwamba nimevunja nyumba ya watu kwa maneno."

Akakanyaga cherehani. Kwa baba hiyo ndiyo nukta.

Asubuhi dada akaingia chumbani kwangu, akarudisha mlango.

"Nirudishie."

"Nini?"

"Jicho langu."

Nikacheka. Sijui kwa nini huwa nacheka. Yeye hakucheka, akakaa kwenye kiti changu, kilekile cha mazoezi, akainua kidevu.

"Dada, huo ni uongo."

"Upi? Nilipigwa au sikupigwa?"

"Ulipigwa."

"Basi si uongo. Ni marudio. Si mnarudiaga tamthilia zenu mchana kwa ambao hawakuona usiku? Baba hakuona usiku."

Mtu ambaye nilimcheka jicho lake likiwa la kweli amekuja kuniomba la bandia. Nilikuwa na deni la kicheko.

Nikafungua kibati changu. Rangi zenyewe ni vitofali vikavu, ukivitazama unaweza kudhani ni dawa ya viatu. Havisemi kitu mpaka uvidondoshee spiriti. Ukidondosha, vinaamka. Chumba kikanuka zahanati. Nikaufuta uso wa dada mpaka mafuta yote yakaisha, kwa sababu rangi hii na mafuta ni mke mwenza na mke mwenza. Nikachana sponji kwa vidole, maana sponji nzima inapaka ukuta. Jeraha halipakwi, linachafuliwa. Nikaanza na wekundu, mwembamba kama aibu. Gonga, acha. Gonga, acha. Chini ya jicho, kwenye kona ya pua, juu ya mfupa wa shavu.

"Aah!"

"Pole, sponji?"

"Hapo bado."

Nikaweka sponji, nikagusa kwa kidole. Chini ya ngozi, juu ya mfupa, palikuwa na uvimbe mdogo, mgumu kama punje ya mahindi. Macho hayauoni, kidole ndicho kinauona. Nikaelewa kwamba napaka jeraha juu ya jeraha, moja la kuonekana na moja la kuuma.

"Alikupiga na nini?"

"Wewe paka."

Nikapaka. Sasa hapa ndipo nilipotakiwa kusimama, na hapa ndipo sikusimama.

Damu iliyovilia ina kalenda yake. Mimi kalenda hiyo naijua kuliko tarehe za kuzaliwa za ndugu zangu. Inaanza nyekundu, inakuwa zambarau, inaingia kijani, inatokea njano, inaaga.

"Dada, la wiki juzi ilibidi sasa liwe njano. Kijani kidogo pembeni."

"Njano?"

"Ndivyo linavyoisha."

"Kwa hiyo nimpelekee baba jicho linaloisha? Njano watasema nimejipaka manjano nipendeze. Mimi nataka waone nilichokiona kwenye kioo siku ile."

Ningeweza kukataa. Lakini kwenye upigaji picha, wasomaji wangu, jeraha halizeeki mpaka mwongozaji aseme. Tukipiga ugomvi Jumatatu na mazungumzo yake mwezi ujao, mwezi ujao mimi nalirudisha jeraha la Jumatatu, vilevile, mshipa kwa mshipa. Mikono yangu haijui wiki mbili. Mikono yangu inajua siku ya kwanza tu.

Na nisijifiche nyuma ya mikono. Njano haijawahi kunipa sifa. Hakuna mtu aliyewahi kuona njano akapiga kelele.

Nikachovya zambarau. Nikachukua brashi ngumu, nikaikwaruza kwa kidole ili irushe vinukta vyekundu, kama vishipa vilivyopasuka. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua moja, na moyo wangu ukaniambia: hii ndiyo kazi bora ya maisha yako, mpumbavu wewe.

Dada akajitazama kwenye kioo. Akajitazama. Halafu akakilaza kioo kifudifudi.

"Ndilo lenyewe," akasema.

Wakwe walifika mchana. Shemeji alitangulia, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Shemeji anauza bima, na anaweza kukuuzia bima ya moto ukiwa ndani ya mto. Nyuma yake baba yake mdogo, karani mstaafu wa mahakama, ambaye mahakama alistaafu lakini ukarani bado. Mwisho kabisa mama yake shemeji, mwanamke mdogo wa umbo, aliyesalimia kila mtu kwa mkono, akachagua kiti cha dirishani, akapakata mkoba wake.

Begi la dada lilikuwa mlangoni. Baba aliliweka pale mwenyewe, kila mtu alione.

Dada akaingia. Akavua mtandio.

Mama yetu akapiga yowe, trei ya chai ikamponyoka. Baba akainuka nusu, akabaki hivyohivyo, hajasimama wala hajakaa. Jana aliona uso mzima, lakini baba macho yake ni ya sindano, mbali kidogo haoni, na nadhani aliamua jana hakutazama vizuri. Nilimwona akiamua. Mzazi akitaka kuamini mtoto wake, haulizi maswali mengi.

Shemeji naye alishtuka. Lakini muuza bima hakai na mshtuko muda mrefu. Akanigeukia, akatabasamu.

"Shemeji yangu. Hongera. Kazi nzuri sana."

"Kazi gani?"

"Wazee wangu, hii ni rangi. Nilisema kwenye simu. Leteni maji na sabuni."

Kwa mara ya kwanza tangu aoe kwetu, shemeji alikuwa anasema kweli. Na aliyemsaidia kuisema ni mimi.

"Ni haki ya mtuhumiwa," karani akaunga mkono, kidole juu. "Kielelezo kijaribiwe mbele ya pande zote."

"Kielelezo ni mwanangu huyo," mama yetu akamwambia. "Mwite kwa adabu."

Beseni likaja. Shemeji hakungoja mtu. Akalowesha taulo jeupe, akalipaka sabuni, akamshika dada kisogoni kama mtu anayemuosha mtoto mtundu, akasugua.

Akasugua. Dada akauma meno. Kila taulo lilipopita juu ya mfupa wa shavu mabega yake yaliruka, na hilo halikuwa kazi yangu.

"Inatosha!" baba akasema.

Shemeji akalitazama taulo. Jeupe. Akaligeuza. Jeupe. Jicho la dada lilikuwa palepale, limelowa, zambarau yake inang'aa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

"Haiwezekani," akasema taratibu.

Nikasikia makofi kichwani mwangu. Si ya kupigwa, ya kupigiwa. Mungu anisamehe, dada yangu anasuguliwa uso na mimi nainama jukwaani.

Baba akavua futi shingoni. Sijawahi kumwona akiivua mbele za watu. Akaikunja, akaiweka mezani.

"Mama, liingize ndani begi la mwanao," akamwambia mama yetu. "Na wewe kijana, sasa tuongee mimi na wewe."

Mama akalishika begi. Dada akafumba macho, akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu wiki juzi. Tulikuwa tumeshinda, wasomaji! Kama hadithi hii ingekuwa ya mtu mwingine, ingeishia hapo na nyote mngelala vizuri.

"Samahani, mzazi mwenzangu."

Ni mama yake shemeji.

"Naomba nimwone mwanangu."

Akasimama, akamsogeza dada dirishani. Hakuvaa miwani, hakuomba tochi. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamwinua usoni, mwanga ukaingia.

"Hili la lini, mwanangu?"

"La Jumapili, mama."

"Jumapili ipi?"

"Ile ya wiki juzi. Unaijua, mama."

Mama mkwe akapitisha kidole gumba juu ya mfupa wa shavu, polepole. Dada akaruka. Kidole kikasimama pale, kikakaa.

"La wiki juzi haliwi hivi," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Mimi nilielewa.

"Siku ya kwanza ndiyo linakuwa hivi," akaendelea, anaongea na dada tu, kama wamebaki wawili jikoni. "Jekundu juu ya zambarau hivi. Halafu zambarau tupu, ukiinama kufagia linagonga humo ndani. Halafu kijani. Kijani ndicho unachoendea dukani, unasema umejigonga kwenye kabati. Halafu njano. Njano watu wanakwambia siku hizi umenawiri. Halafu unaanza tena."

"Shemeji!" Karani alikuwa amesimama kumkabili mama mkwe, kidole hakiko juu tena. "Marehemu kaka yangu hayupo hapa kujitetea!"

"Na mimi nilikuwepo," mama mkwe akamjibu bila kugeuka, "na sikuweza."

Shemeji, ndugu zangu, alikuwa wa kwanza kupiga hesabu.

"Mmesikia! Mama yangu mzazi kasema. Si la wiki juzi. Na jana usiku huyu mwanamke kalala wapi? Kwenu! Basi ama mmempiga nyinyi ama mmempaka nyinyi." Akavuka chumba, akalichukua begi mkononi mwa mama yetu. "Mzee, ulisema kipimo. Kipimo hicho. Twende nyumbani, mke wangu."

Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Weka begi chini," mama yake akamwambia. "Sijamaliza."

"Mama, umeshamaliza."

"Nimesema weka."

Akaliweka, lakini mkono haukuachia mpini. Mama mkwe akamwachia dada kidevu, akaja mpaka mbele yangu. Ananifikia kifuani. Nilijikuta nimeinama.

"Wewe ndiye fundi."

"Mama, mimi siku hizi hata kazi sina..."

"Umempaka asubuhi hii. Una mkono mzuri. Ungekosea kidogo tu ningekuamini."

Sikuwahi kusifiwa vibaya hivyo.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Juu kuna lako. Chini yake kuna la mtu mwingine, nimelishika sasa hivi, na rangi haiumi. La chini hilo nalijua. Najua lilikoanzia na najua nani alisimama mlangoni akitazama." Nyuma yake mwanawe alisema "Mama!" na yeye hakugeuka. "Lakini sitaingia kwenye ukweli peke yangu. Nimekaa humo peke yangu miaka mingi, kuna baridi. Wewe sema lako kwanza. Ukisema, na mimi nitasema langu."

Nikamtazama dada. Dada alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana, kwa mimi tu. Usiseme. Alikuwa anamjua mama mkwe wake kuliko mimi. Au alikuwa anamjua mume wake.

Nikikana, baba atakuwa na mashaka, lakini mashaka hayamrudishi mtu. Nikikubali, na huyu mama akatimiza, dada hatarudi tena kule. Nikikubali, na huyu mama akanyamaza, basi dada ni mwongo mpaka kaburini, na muhuri ni ulimi wangu.

"Jibu," baba akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Ni rangi, au si rangi?"

Mimi ambaye huwa na neno kwa kila msiba, nilitafuta la kuchekesha, nikakosa. Lililobaki lilikuwa moja.

"Ni rangi, baba."

Mama yetu akakaa chini, palepale kwenye chai iliyomwagika. Dada akaufunika uso wake kwa viganja vyote viwili. Shemeji akakaza mkono kwenye mpini wa begi.

Halafu macho yote, yangu ya kwanza, yakamgeukia mama yake.

Alisimama wima. Aliniitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo. Akafungua mdomo.

"Mama," shemeji akamwita. Si kwa hasira. Alimwita kwa kisauti kidogo, kama mtoto aliyeanguka akajichuna goti.

Mama yake akaufunga mdomo.